Swali la Nani? Utafiti Shirikishi kutoka Bagamoyo hadi Msitu wa Enguserosambu

Mwaka 1975 wafugaji wa Tanzania waliandikwa sana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kijana wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, Moringe Lazaro ole Parkipuny, aliwasilisha tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mkwamo wa watu wake na nini kitawapata ufugaji ukiendelea kubanwa. Mwaka huohuo, magharibi mwa Bagamoyo, mradi ulioitwa Jipemoyo ulianza kazi miongoni mwa wakulima wa Kikwere na wafugaji wa Kiparakuyo. Huko Toronto, jarida la elimu ya watu wazima liitwalo Convergence lilitoa toleo maalumu kuhusu namna mpya ya kufanya utafiti, na mengi ya yaliyokuwemo yalikuwa yamepikwa Dar es Salaam. Bunge nalo, katika kurekebisha sheria za hifadhi, likapiga marufuku kilimo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro.

Mambo matatu ya kwanza yaliwaleta wafugaji karibu na wasomi. La nne liliamuliwa bila kumuuliza mfugaji wala msomi. Toleo la Toronto lilizaa mtandao wa kimataifa wa vyuo na taasisi, ambao hadi leo unatajwa katika vitabu vya mbinu za utafiti. Vijiji vya Ngorongoro vilibaki na kazi ya kujitafutia ushahidi kwa njia nyingine, na Enguserosambu, kata ya tarafa ya Loliondo inayopakana na Kenya, ni pahali pazuri pa kutazama njia hiyo imefika wapi.

Dar es Salaam ya mwanzo wa miaka ya 1970 ilijaa watafiti. Serikali ilikuwa na Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, UTAFITI, tangu 1968. Chuoni Mlimani kulikuwa na BRALUP, ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyoanzishwa 1967, ambayo sasa ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Wageni waliovutiwa na Azimio la Arusha walimiminika na madodoso yao. Utaratibu ulifahamika: maswali yanatungwa chuoni, vijana wanaajiriwa kuyauliza vijijini, majibu yanahesabiwa, ripoti inapigwa taipu kwa Kiingereza. Kijiji hakikuiona tena karatasi ile.

Watu wawili walichoshwa na utaratibu huo mapema. Wa kwanza ni Budd Hall, Mmarekani kijana aliyefika 1970 kufanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Taasisi hiyo haikuwa ya nadharia. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho na kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hall alikuwa mtu wa upande wa utafiti, na aligundua kwamba dodoso lilimpa kidogo kuliko mazungumzo ya jioni na watu walewale aliokuwa amewahoji mchana. Mwaka 1971 Paulo Freire, mwalimu wa Kibrazili aliyekuwa uhamishoni, alipita Dar es Salaam akazungumza katika taasisi hiyo kuhusu mbinu za utafiti. Hoja yake ilikuwa kwamba anayechunguzwa naye ni mchunguzi. Mazungumzo hayo yalichapishwa na taasisi 1973, na kwa miaka mingi yalisambaa mkono kwa mkono.

Wa pili ni Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja Tanganyika 1952 kufundisha chuo cha ualimu cha wasichana cha Ashira, Kilimanjaro. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 aliishi Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, akijifunza mila na alama za Wazaramo kwa ajili ya tasnifu yake ya udaktari, iliyotoka 1970. Aliyeishi Bunju kwa muda mrefu hawezi kurudi kirahisi kwenye dodoso la kurasa ishirini. Alipojiunga na BRALUP 1972 alianza kuwachukua wanafunzi wa chuo wakati wa likizo ndefu, akawapeleka vijijini wakae, wafanye kazi na wenyeji, na wauandike utafiti pamoja nao.

Kazi moja ya kipindi kile inafaa kutazamwa kwa karibu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilikuwa ikipokea watoto wenye utapiamlo kutoka wilaya ambayo watu wote waliiita tajiri: kahawa, migomba, maji ya mfereji, shule kila kilima. Maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba akina mama hawajui kulisha watoto, kwa hiyo dawa ni somo la lishe. Swantz na wenzake waliwafuata watoto hao hadi majumbani. Walichokikuta kilihusu vihamba vilivyogawanywa mara nyingi hadi havitoshi, ndoa zilizovunjika, na fedha za kahawa zilizopita mikononi mwa baba bila kufika jikoni. Mama hakukosa maarifa, alikosa ardhi na kauli juu ya fedha. Ripoti ilitoka 1975, na sioni kama ingeweza kuandikwa na mtu aliyeishia kwenye foleni ya kliniki.

Jipemoyo ulikuwa hatua kubwa zaidi, kwa sababu ulifungwa na mikataba ya nchi mbili. Upande mmoja ulikuwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Upande wa pili, Akademia ya Finland. Watafiti wa Kifini na wa Kitanzania walifanya kazi kwa jozi au kwa vikundi. Kemal Mustafa alijikita kwa wafugaji. Odhiambo Anacleti alisimamia upande wa wizara. Wengine walishika muziki na ngoma, historia ya makabila, kazi za wanawake. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefundisha Mlimani, naye alifanya utafiti wake kwa Waparakuyo wa eneo hilo, na vitabu vyake vya baadaye vimejaa yale aliyojifunza huko.

Tukumbuke wakati wenyewe. Ilikuwa kipindi cha Operesheni Vijiji. Umaasaini kulikuwa na operesheni yake, Imparnati, iliyotaka wafugaji wawe na makazi ya kudumu. Waparakuyo wanazungumza Kimaa, wanavaa rubega, wanahama na mifugo, na katika macho ya viongozi wengi wa pwani walikuwa watu wa kupita tu, hata kama babu zao walizikwa Bagamoyo. Mifugo ikiingia shambani kwa Mkwere, kesi ilikuwa imeshaamuliwa kabla ya kusikilizwa. Kijiji cha Mindu Tulieni kiliandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa cha wafugaji, na kwa mara ya kwanza Waparakuyo wakawa na mwenyekiti, muhuri na anwani. Watafiti wa Jipemoyo walikuwa hapo. Waliitisha mikutano ambayo wafugaji, wakulima na maofisa walikaa pamoja, wakarekodi kwa tepu yaliyosemwa, wakarudisha kwa wenyewe yale waliyoandika, wakabishana nao.

Kasoro ilikuwa wazi tangu mwanzo. Mtafiti alilipwa na serikali ileile iliyoendesha operesheni. Mfugaji aliyemkaribisha chai alijua kwamba mgeni huyu kesho anaweza kuwa na mkuu wa wilaya. Wenyewe waliandika juu ya jambo hilo bila kuficha, na ndiyo sababu maandishi ya Jipemoyo bado yanasomeka, tofauti na ripoti nyingi za miradi ambazo kila mshiriki ndani yake ana furaha.

Juni 1976 mkutano wa dunia wa Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima ulifanyika Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alihutubia, na hotuba yake kuhusu elimu ya watu wazima na maendeleo bado inasomwa. Hall alikuwa amehamia makao ya baraza hilo Toronto, na ndiye aliyehariri toleo la 1975 ambamo Swantz alieleza kazi yake ya Tanzania. Wajumbe walipokutana walikuta kwamba watu wa India, Amerika ya Kusini na Ulaya walikuwa wakifanya jambo linalofanana bila kujuana. Aprili 1977, mjini Cartagena, Kolombia, Orlando Fals Borda aliitisha kongamano la utafiti wa vitendo. Mwaka huohuo mtandao wa utafiti shirikishi uliundwa rasmi. Ulikuwa na vituo: Toronto, New Delhi kwa Rajesh Tandon, Caracas kwa Francisco Vio Grossi, Uholanzi kwa Jan de Vries, na Dar es Salaam kwa Yusuf Kassam, mwalimu wa elimu ya watu wazima.

Ni vema kujiuliza mtandao ulikuwa kitu gani mwaka 1977. Haukuwa na kompyuta. Ulikuwa barua za ndege, makala zilizochapwa kwa mashine ya stensili, na nauli ya mtu mmoja au wawili kwa mwaka. Kituo kilikuwa dawati moja na mtu mmoja aliyekuwa pia na vipindi vya kufundisha. Pamoja na hayo, ulizaa matunda. Mwaka 1979 washiriki wa Afrika walikutana Mzumbe, Morogoro. Mwaka 1980 mkutano wa dunia ulifanyika Ljubljana, Yugoslavia. Mwaka 1982 kilitoka kitabu kilichohaririwa na Kassam na Mustafa, kilichokusanya mifano ya Afrika. Kassam mwenyewe alikuwa ameshatoa kitabu kidogo cha sauti za watu wazima waliojifunza kusoma, wakieleza kwa maneno yao walivyojiona kabla na baada.

Kisha kituo cha Afrika kikapoa. Sababu zinajulikana na kila aliyeishi miaka hiyo. Vita vya Kagera vilikula hazina, bei ya mafuta ilipanda, sukari na sabuni zikawa za foleni. Mshahara wa mhadhiri haukumaliza mwezi, wengine wakafuga kuku, wengine wakaenda nje, na waliobaki wakaokolewa na kazi za ushauri za mashirika ya wafadhili. Kazi ya ushauri ina swali lililokwisha kutungwa na tarehe ya kukabidhi. Haikai Bunju miaka mitano. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyouvunja mtandao upande wetu, kuliko siasa. India ilikuwa na umaskini wake, lakini mwaka 1982 Tandon alianzisha taasisi huru, PRIA, iliyokuwa na paa lake na watumishi wake nje ya chuo. Dar es Salaam haikuwa na paa la namna hiyo. Mtu alipohama, kituo kilihama naye.

Utafiti shirikishi haukufa nchini, ulibadilisha makao tu. Mtwara na Lindi mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland ulitumia mbinu hizo katika miaka ya 1990, pamoja na kamera za video zilizowapa wavuvi nafasi ya kuwaonyesha viongozi uharibifu wa baruti baharini. Mtandao wa Jinsia, TGNP, ulioanzishwa 1993, ulifanya utafiti raghbishi, yaani wa kuwachochea watu wachunguze hali yao wenyewe, kuwa kazi yake ya kila siku. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi iliyoongozwa na Issa Shivji, 1991 na 1992, iliendesha mikutano ya hadhara 277, na ukiisoma ripoti yake unasikia wanavijiji wakizungumza. Huo nao ulikuwa utafiti, ingawa haukujiita hivyo.

Sasa twende kaskazini.

Ngorongoro na Serengeti ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yaliyochunguzwa kupita kiasi. Kituo cha utafiti cha Serengeti kilianza rasmi 1966. Nyumbu walihesabiwa kwa ndege, simba wakapewa majina, nyasi zikapimwa. Mmaasai, aliyehamishwa Serengeti 1959 na kuelekezwa Ngorongoro, aliingia katika ripoti hizo kama shinikizo juu ya ikolojia. Chini kidogo, pembezoni mwa Ziwa Eyasi upande wa Karatu na Mbulu, Wahadzabe wamepokea watafiti tangu James Woodburn alipofika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamepimwa usingizi, lishe, mwendo na bakteria wa tumboni. Wingi wa utafiti haukuwapa ardhi. Waliipata hati yao ya kimila ya kikundi, bonde la Yaeda, 2011, kwa kazi ya shirika la kiraia lililokaa nao na ramani mkononi.

Kuna mfano mmoja ambao kila mtafiti anayepanda kwenda Loliondo angepaswa kuujua. Wafugaji wa Kimaasai hawaruhusu ng'ombe kuchunga pale nyumbu wanapozaa. Mvua za mwanzo wa mwaka zinaposhuka na nyasi fupi za tambarare zikawa tamu kuliko zote, wao huondoa mifugo na kupanda nyanda za juu. Wanasema nyumbu huleta ugonjwa unaoanza kwa macho kutoa machozi na pua kutoa kamasi nzito, ng'ombe akawa kipofu, akafa; nao waliuita kwa jina la nyumbu mwenyewe, ingati. Kwa muda mrefu wataalamu wengine waliiona hiyo kama imani ya watu. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake wa maabara ya Muguga, Kenya, walikipata kirusi katika damu ya nyumbu. Baadaye ikathibitika kwamba ndama wa nyumbu ndio wanaokisambaza katika miezi yao ya kwanza. Mfugaji alikuwa na jibu, maabara ikawa na uthibitisho. Hakuna aliyefikiri kumwalika mfugaji awe mwandishi mwenza.

Dalili za mabadiliko zilionekana miaka ya 1980. Kaj Århem wa Sweden aliandika 1985 kuhusu Wamaasai wa Ngorongoro walioachwa maskini katikati ya bustani inayosifiwa duniani. Katherine Homewood na Alan Rodgers, huyu wa pili akiwa amefundisha zoolojia Mlimani, walitumia miaka kupima mifugo, nyasi na maisha ya watu, na kitabu chao cha 1991 kilipinga kwa hesabu dhana kwamba ufugaji unaiua Ngorongoro. Ulikuwa utafiti mzuri sana, lakini bado wa kuwachunguza watu.

Parkipuny alichukua njia tofauti. Baada ya tasnifu alifanya kazi katika mradi wa mifugo na nyanda za malisho Umaasaini uliofadhiliwa na Marekani, akaona kwa macho yake mtaalamu anavyoweza kukosea akiwa na vifaa vyote. Alitembelea Marekani na kuwaona Wanavajo kwenye ardhi waliyotengewa, jambo lililomfundisha zaidi ya semina nyingi. Kuanzia 1980 hadi 1990 alikuwa mbunge wa Ngorongoro. Agosti 1989 alizungumza Geneva mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kusimama pale. Mwaka 1990, Loliondo, akaanzisha shirika la wafugaji, KIPOC. Kazi yake ya karibu kabisa ilikuwa ya mipaka: kusaidia vijiji vya Loliondo kupimwa na kupata hati kabla ya wengine kuvipima kwa niaba yao. Alifariki 2013. Wapo wanaomkumbuka kama mwanasiasa mgumu, asiyependa kusuluhishwa kwa maneno mepesi, na ukisoma tasnifu yake ya 1975 unaona ugumu huo ulianzia wapi. Alikuwa amefanya utafiti ambao yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya jibu lake.

Uhusiano na chuo haukukatika kabisa. Mwaka 1998 Shivji na Wilbert Kapinga walitoa kitabu kuhusu haki za Wamaasai wa Ngorongoro, kikionyesha kisheria jinsi mamlaka ya hifadhi na haki za wakazi zilivyoachwa zigongane. Kilikuwa kitabu cha wanasheria, lakini wanavijiji walikitumia.

Enguserosambu iko mbali na mjadala huo wa kreta ya Ngorongoro. Kwa barabara ya Mto wa Mbu unapita Engaresero chini ya Oldoinyo Lengai, unapanda mlima mkali kuelekea Sale na Wasso, kisha unaendelea kaskazini mashariki hadi baridi inapoanza. Wakazi wengi ni Wamaasai wa olosho la Loita, ambao jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka. Msitu wenyewe ni wa milimani: mtarakwa, ambao Wamaasai huuita oltarakwai, na mzeituni pori, oloirien, ambao kijiti chake kinachowaka hutumika kusafishia kibuyu cha maziwa hadi maziwa yakapata harufu ya moshi. Kiangazi kikikaza ng'ombe huingizwa humo. Morani na wazee huenda orpul, kambi ya kuchinja na kula nyama mbali na boma, wakinywa supu iliyochemshwa kwa mizizi na magome. Chemchemi zinazotoka msituni ndizo zinazonywesha vijiji vya chini. Vijiji vinne vinautumia na kuulinda kwa pamoja: Enguserosambu, Orkiu, Ng'arwa na Naan, na vimeunda chombo chao cha udhamini wa msitu.

Ng'ambo ya pili, msitu wa Loita uitwao Naimina Enkiyio ulikuwa umeshatoa somo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Halmashauri ya Narok ilitaka kuutenga kwa ajili ya utalii. Waloita waliunda chombo chao cha udhamini wakaenda mahakamani. Miaka kumi baadaye shirika la kimataifa la uhifadhi lilikuja na mradi uliojaa neno shirikishi kila ukurasa, na mradi huo nao ulikwama kwa sababu sehemu ya jamii iliona msitu unaandikwa upya na watu wasiowajua. Waliokataa hawakuwa wakikataa elimu. Walitaka kujua orodha ya miti ikishakamilika itakaa kabati la nani.

Kwa upande wa Tanzania Sheria ya Misitu ya 2002 ilitoa nafasi. Kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi, au kusimamia kwa ubia na serikali, kwa sharti kwamba kuwe na kamati ya maliasili, tathmini ya msitu, mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Babati ilikuwa imeonyesha njia mapema: vijiji vinane vya Duru-Haitemba, vilipoona serikali inataka kuchukua msitu wao wa miombo, vilijitwika ulinzi wenyewe, na 1994 vikatambuliwa.

Katika tathmini hiyo ya msitu ndimo ninapouona utafiti wa vitendo ukiwa kazi ya mikono. Watu sita au saba wanatembea kwa mstari ulionyooka, mmoja ana dira, mwingine kamba. Kila baada ya umbali waliokubaliana wanaweka duara. Ndani ya duara kila mti mkubwa unazungushiwa utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mzee anataja jina kwa Kimaa, kijana anaandika, bwana misitu anaongeza jina la Kilatini jioni. Visiki vinahesabiwa pia, na hapo ndipo ubishi huanza, kwa sababu kila kisiki kina mwenyewe na kila mtu anamjua.

Kwamba wanakijiji wanaweza kufanya hivyo kwa usahihi si suala la imani. Kuanzia 2003 Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi kiliongoza mtandao wa vyuo na taasisi za Asia na Afrika kupima kaboni ya misitu kwa kutumia wenyeji. Mshirika wa Tanzania alikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na moja ya maeneo yake ni Kitulangalo, nje ya Morogoro. Watu wenye elimu ya msingi, wakiwa na kompyuta ndogo ya mkononi na mafunzo mafupi, walitoa takwimu zilizokaribiana sana na za wataalamu, kwa gharama ndogo zaidi, na mwaka uliofuata hawakuhitaji kufundishwa upya tangu mwanzo. Mtandao huo ulikuwa na ukomo, kama miradi yote. Jambo la kuuiga ni kwamba chuo kilikuwa na msitu wake jirani, wanafunzi walirudi mahali palepale, na waliopima walijua takwimu zinakwenda wapi.

Umbali kati ya Morogoro na Enguserosambu ni kikwazo kikubwa kuliko nadharia yoyote. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, nje ya Arusha, iliyozinduliwa rasmi 2012, imeusogeza uzamili wa sayansi karibu na Umaasaini, lakini bado mwanafunzi hupata ruzuku ya msimu mmoja. Msimu mmoja hauonyeshi ukame. Wilaya ya Ngorongoro ilishuhudia 2011 jinsi utafiti unavyoweza kukimbia pale taifa linapotaka: maelfu ya magari yalipojipanga kwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na wa Muhimbili walifika kwa wiki chache kuchunguza mti wa mugariga. Wasonjo na Wamaasai walikuwa wakiutumia mti huo muda wote.

Nje ya nchi mtandao wa 1977 umepata maisha ya pili. Mwaka 2012 Hall na Tandon walikabidhiwa kiti cha UNESCO cha utafiti unaofanywa pamoja na jamii, na 2017 walianzisha muungano wa vyuo unaofundisha vijana utafiti shirikishi kupitia vituo vya mafunzo, Chuo Kikuu cha Gulu, Uganda, kikiwa kimojawapo. Kilichoanza kwa likizo za wanafunzi wa Mlimani sasa kinarudi Afrika Mashariki kama kozi yenye cheti. Sina ugomvi na cheti. Ningependa tu mwanafunzi wake asome kwanza majalada ya Jipemoyo, kwa kuwa matatizo atakayokutana nayo yameandikwa humo tayari, pamoja na lile la nani anamlipa.

Kwa Loliondo suala la nani ana ushahidi wa ardhi limeshafika mahakamani. Mwaka 2017 vijiji vinne, Ololosokwan, Kirtalo, Arash na Oloirien, vilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki baada ya watu kuondolewa na maboma kuchomwa. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500 kuwa pori tengefu. Septemba mwaka huohuo mahakama ikatupa shauri, ikisema walalamikaji hawakuthibitisha kwamba matukio yalitokea ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Yaani watu waliozaliwa pale, wanaojua kila korongo kwa jina, walishindwa kwenye swali la mahali. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya.

Enguserosambu haikuwa mlalamikaji katika shauri hilo. Lakini mpango wake wa msitu unasimama juu ya kitu kilekile: mstari uliochorwa, miti iliyohesabiwa, jina la mto lililoandikwa sawasawa, na saini. Kamati inaweza kupima yenyewe, kama Kitulangalo walivyofanya. Inachokosa ni chuo kitakachoweka nakala ya vipimo hivyo, kuvirudia miaka mitano baadaye pamoja na watu walewale au watoto wao, na kumtuma mhadhiri wake kusimama kizimbani kueleza vilipatikanaje. Kazi hiyo haina semina wala bango la ufunguzi, na ruzuku nyingi za utafiti hazina kifungu cha kuilipia.